Jeraha la Kyoma

Bugene, Jumamosi mchana

Alinda,

Habari za sweta, soksi na namba ya kiti cha basi umeshapewa na baba yako tangu juzi, na shangazi yako ameongezea za kwake kwa simu mpaka chaji ikakuishia. Mimi sina agizo la safari. Mimi nina hasira. Nimeona niiandike, maana wiki hizi tatu kila nikifungua mdomo unaingia ndani kupanga begi ambalo limeshapangwa.

Umekwenda Kayanga kuaga rafiki zako. Nimesogeza sare za watoto wa shule pembeni, nimefunika cherehani, nimekaa hapa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Meza ileile. Doa la wino wako bado lipo kwenye kona, lile ulilolitia ukaniapia kwamba ni paka, na hatujawahi kufuga paka. Barua hii utaikuta ndani ya kile kitabu chako kipya, juu kabisa ya begi. Isome leo. Usiende kuisomea Mwanza ambako huwezi tena kufanya lolote.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu naona umesahau.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulirudi likizo na karatasi nane zilizotolewa kopi mara nyingi mpaka herufi zimekonda, umepewa na dada mmoja wa bwenini. Ukaniambia ni mchezo. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema huyo mhusika anafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea mnarusha dadu. Nikakuuliza mshindi anapata nini. Ukasema hakuna mshindi. Nikaona shule imekuharibu.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Ukamtaka Asimwe acheze, naye akakwambia wazi kwamba hatacheza kitu asichoweza kukisoma mwenyewe. Asimwe aliletwa na bibi yake kutoka Kituntu akiwa darasa la tano, kibanja chao na chetu vinapakana, mkakua mnakula kwenye sufuria yoyote iliyokuwa jikoni. Basi ulikaa na kamusi siku nne. Ukazihamishia zile kurasa zote kwenye daftari la kaunta, kwa Kiswahili, na kila neno ulimsomea Asimwe kwanza uone kama linamwingia. Mliposhindwa mlikuja kwangu. Kazi, kiapo na jeraha, maneno hayo matatu tuliyachagua pamoja huku tunamenya ndizi. Mhusika alikuwa na hayo matatu tu: kazi anayoijua, kiapo alichomwapia mtu, na majeraha, ambapo la kwanza na la pili anatembea nayo, la tatu ndilo la kifo. Dadu lilikuwa moja. Tulilitoa kwenye ludo ya baba yako, na mpaka leo anaamini liliingia chooni.

Mimi nilikuja kuwafukuza. Nilikuwa na rula mkononi na gauni la harusi la kukata, mteja anasubiri. Ukaniomba nisubiri kidogo, mlinzi wa kivuko amewazuia kwenye mto Kagera na hampiti bila neno. Nikasema, mwambieni mnampelekea chumvi mke wa mkuu wake. Ukarusha, likaja sita. Gauni lile nililikata kesho yake.

Ndivyo alivyozaliwa Kabazira wangu, mchuuzi wa chumvi, mjane mwenye mdomo. Baba yako akasema kwenye mdomo sikuigiza chochote. Asimwe akawa mhunzi, akamwita Kyoma, yaani chuma. Wewe ukawa msimulizi, na mchezo wetu baba yako akauita kikao cha wazimu, ingawa nilimwona mara nyingi amesimama dirishani na kikombe cha chai kilichopoa, akisubiri ajue kama tumevuka.

Likizo baada ya likizo, Jumapili baada ya ibada. Asimwe alipomaliza kidato cha nne hakuendelea, akapewa pikipiki ya kuendesha. Unajua Jumapili ilivyo kwa bodaboda. Watu wanatoka kanisani, wanakwenda kwenye harusi, wanapelekea wagonjwa matoke. Ilipofika saa nane aliizima. Wenzake kijiweni walimcheka, wakamwuliza anakwenda kwa nani, kwa binti au kwa mama yake. Alikuja.

Sasa nataka ukumbuke siku ya kahawa. Nataka uikumbuke vizuri.

Kabazira alikuwa amekamatwa na wanyang'anyi, na Kyoma akajiweka mbele, akapata jeraha lake la pili. Bado moja afe. Asimwe akauliza kama humo kwenye daftari kuna sheria ya omukago, udugu wa kuapiana. Ukatafuta, ukasema haipo. Akasema, "Basi tuiandike." Wala hakusubiri. Alikimbia kwa bibi yake, akarudi na akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna anazowekewa mgeni. Tukaipasua moja. Yeye akala nusu kiganjani mwangu, mimi nikala nusu kiganjani mwake, kama wazee walivyofanya walipotaka kuwa ndugu, isipokuwa hatukuchanja ngozi kwa sababu mimi sina wazimu kiasi hicho. Wewe ukaandika kwenye daftari, na ukanipa nisome kwa sauti: Waliokula kahawa moja, mmoja anaweza kubeba jeraha la mwenzake, na likiwa la kifo, afe yeye.

Tangu siku ile, kila Kyoma alipostahili kuongezewa kitu, Asimwe alikiongeza kwenye kiapo. Ulimshawishi amwongezee mkuki. Ulimshawishi amfundishe kuogelea. Yeye akasema weka kwenye kiapo. Mimi nilimcheka, nikamwambia Kyoma atakuwa mhunzi pekee Karagwe asiyemiliki hata kisu. Akatabasamu, akasema, "Ninaye mama mwenye chumvi, kisu cha nini?" Miaka mitano, Alinda. Kila alichokuwa nacho mezani pale alikiweka sehemu moja.

Ukamaliza kidato cha sita, ukaja na kitabu kipya.

Najua kilikotoka hicho kitabu. Ulinieleza mwenyewe tukishona vifungo vya sare. Wenzako wa bwenini walikuwa na mchezo wa namna hiyo, mkubwa, wa kurasa nyingi, na ulipowasimulia wetu, wa dadu moja la ludo, walicheka mpaka mmoja akalala kitandani. Ulisema umeona aibu. Hapo nilitakiwa nisimamishe cherehani nikujibu. Sikusimamisha. Nilikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza, na nikadhani aibu ya mtoto hupita yenyewe kama mafua.

Kubadili sheria si kosa. Nakuandikia hili mapema usije ukasema mama anang'ang'ania ya kale. Na niseme haki: kitabu kipya kina zamu. Kila mtu anasema kwa zamu yake, hakuna wa kumrukia mwenzake. Kwenye sheria zetu za zamani aliyekuwa na mdomo ndiye aliyevuka mto, na mwenye mdomo nilikuwa mimi, na wewe ulinisikiliza kwa sababu nimekuzaa. Nimehesabu kichwani mara ngapi Asimwe alifungua mdomo akaufunga kwa kuwa nilikuwa nimeshampita mlinzi. Ni nyingi. Kitabu chako kingempa nafasi yake. Kwa hiyo usidhani nimekuja kwenye kesi hii nikiwa nimenawa mikono.

Lakini ulifanyaje? Ulikaa Jumamosi moja peke yako, kwenye meza hii, na ukatuhamisha wote. Kyoma na Kabazira, miaka mitano ya watu wawili, kwa asubuhi moja. Nguvu ukaiandikia namba, wepesi namba, akili namba, ushawishi namba. Kazi ikapata safu yake. Majeraha yakawa pointi za uhai. Kiapo hakikuwa na safu kwenye karatasi mpya. Ukakiacha. Hukuuliza, hukusema, ulikiacha tu kama mtu anavyoacha kipande cha kitambaa kilichobaki sakafuni.

Mtu akiniletea koti la marehemu baba yake nilipunguze limfae, sianzi na kitabu cha vipimo. Ninaligeuza ndani nje, ninaangalia mshono gani ndio ulioshika mabega. Kuna makoti yameshikwa na mshono mmoja tu, tena haumo kwenye kielelezo chochote, fundi wa kwanza aliuweka kwa kuwa alimjua mwenye koti. Ukiukata huo, utakuwa na vipande vizuri vya kitambaa na huna koti. Haya umeyaona nikiyafanya tangu unatambaa chini ya meza hii. Ndiyo maana ninakasirika. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema hakujua.

Na hukukitafsiri. Hapo ndipo hasira yangu inapochemka. Kile cha kwanza, ukiwa mtoto wa kidato cha pili na kamusi iliyochanika, ulikitafsiri chote ili Asimwe asome. Hiki cha pili, umemaliza kidato cha sita, Kiingereza kimekujaa, unakwenda kuwa mwalimu wa watoto wa watu, hukutafsiri hata ukurasa mmoja. Ulikitoa kopi Kayanga, ukakibana ringi, ukakiweka mbele yako. Tukitaka kujua sheria tunakuuliza wewe. Sheria zote zikawa mdomoni mwako, na Asimwe aliyesema mwanzo kabisa kwamba hachezi asichoweza kusoma, akakaa, akacheza. Kwa nini? Kwa sababu alikuamini, mwanangu. Hakuna sababu nyingine.

Siku ile yenyewe huna haja ya kusimuliwa, lakini nitakusimulia, kwa sababu nadhani uliitazama kutoka kwenye kiti chako tu.

Tulikuwa njia ya Mabira, wezi wa ng'ombe wakatutokea. Dadu la ludo lilikuwa halifai tena, kitabu kinataka madadu ya pande nyingi ambayo hayapo Kagera nzima, ukawa unarusha kwa simu. Asimwe alikuwa ameinama, anaisubiri simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ukasoma namba, ukatoa, ukasema Kyoma amebaki na sifuri. Pigano la kwanza. Nikasema, "Nabeba mimi."

Ukafungua kitabu. Ukapekua mbele, ukapekua nyuma. Ukasema, "Hakuna sheria hiyo humu, Mama."

Asimwe hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Na mimi nikafanya nini? Nikakitazama kitabu. Kitabu nisichokijua hata mstari mmoja, nikakiinamia kana kwamba nasoma, nikasema, "Basi kama haimo." Maneno matatu. Nimeyarudia kichwani kila siku tangu hapo, nikikata, nikishona, nikichota maji. Mtu tuliyekula naye kahawa moja alikuwa anakufa mezani kwangu, na mimi nikamwambia basi kama haimo.

Akacheka kidogo, ile ya puani. Akachukua helmeti yake. Akasema, "Simu yako imeniua vizuri, mwalimu," akatoka. Penseli yake bado iko kwenye kopo la vifungo.

Na wewe ukasema ni mchezo tu, kwani si anaweza kutengeneza mhusika mwingine. Kisha ukangoja aje akuombe radhi wewe kwa kuondoka katikati. Jumapili ya kwanza ukangoja, ya pili ukangoja, ya tatu ukaingia ndani kupanga begi. Yeye akipita hapo barabarani ananipa shikamoo bila kuzima pikipiki. Sauti ya injini inameza marahaba yangu.

Nikueleze jambo ambalo hulijui, na baba yako analijua nusu.

Unajua nilikuwa Mkatoliki kwetu Muleba, nikawa Mlutheri nilipoolewa huku. Kwako hiyo ni habari ndogo. Hujui habari za Ma Paskazia, kwa sababu sijawahi kulitaja jina lake ndani ya nyumba hii. Alikuwa mama yangu wa ubatizo. Hakuwa yule wa kushika mshumaa siku moja akaenda zake. Mama yangu mzazi alikuwa na watoto tisa, mimi wa saba, na Ma Paskazia alinichukua nikiwa na miaka kumi na mbili akanifundisha cherehani. Mkasi ninaokatia ni wake. Ule mkubwa mweusi ambao hukuruhusiwa kuugusa ukiwa mdogo, ukadhani ninaogopa utajikata. Alinipa siku niliyoshona shati la kwanza lenye kola iliyokaa.

Nilipofundishwa kwa ajili ya kuhamia kanisa la huku, hakuna mtu aliyeniambia nimwache. Wala mchungaji, wala mama mkwe, Mungu amrehemu. Mchungaji aliniuliza kabisa kama nina swali. Nikasema sina. Nilijihamisha mwenyewe kichwani, peke yangu, kama wewe na Jumamosi yako. Nikasema kanisa jipya, hesabu mpya. Mama wa ubatizo alikuwa wa kule. Nikaona huo ndio uaminifu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilitaka watu wa hapa Bugene waone nimehama kweli, sijaacha mguu nje.

Siku ya harusi alikuja. Alitoka Muleba na kifurushi cha akamwani alichokifunga kwa jani kavu la mgomba, amevaa gauni alilolishona kwa siku hiyo. Alisimama kwenye nyasi nje ya kanisa akingoja nimwonyeshe pa kukaa, mbele, na wazazi. Nikampa mkono. Nikamwambia, "Karibu sana," kama nilivyowaambia wageni mia wengine, nikapita. Nikamwona baadaye anakula nyuma ya turubai pamoja na watu wasiomjua. Keki ilipokatwa hakuwepo. Nikajiambia ameona ugeni, Wakatoliki hawajazoea ibada zetu. Eti ibada zetu. Nilikuwa Mlutheri wa miezi mitatu tu.

Kisha ukazaliwa wewe, tukakupeleka ubatizo. Mchungaji akasema wazazi wa ubatizo wasogee mbele. Nikawatazama wale wawili wakikushika na kukuahidi. Kumbe na huku wapo. Safu ilikuwepo, Alinda. Kwangu mimi safu ilikuwepo kwenye kitabu siku zote, sikuwa nimeangalia.

Unadhani nilipanda gari siku hiyohiyo nikaenda Muleba? Niliona aibu. Nikasema nitakwenda Krismasi. Krismasi ilipofika nikasema mavuno ya kahawa yapite. Yakapita mavuno manne. Siku moja nikapokea ujumbe kwenye simu kwamba wameshamzika. Nilikwenda matangani na mkungu wa ndizi. Binti yake akanipokea vizuri kabisa, akanitafutia kiti, akaniambia, "Karibu sana." Sikuweza hata kulia, kwa sababu pale sikuwa na haki ya kulia kuliko mgeni yeyote.

Sikusimulii haya ili uende ukanilipie dhambi yangu. Dhambi yangu nitaibeba mwenyewe, nimeizoea. Nakusimulia kwa sababu nilipokuona umekaa peke yako Jumamosi ile na kalamu, nikajua nimeshaiona picha hii, na bado nikanyamaza. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga. Mara ya pili nilikuwa mwoga, na mwoga wa miaka arobaini na minne anaudhi kuliko mjinga wa ishirini na mmoja. Kama unahisi kwenye barua hii hasira ni kubwa kuliko kosa lako, basi jua nyingine si yako.

Utahama sana, waitu, mwanangu. Kule chuoni utakuta watu wana namna zao. Ukiwa mwalimu utaletewa mtaala mpya kabla hujauzoea wa zamani. Labda utaolewa kwa watu wanaosali kwingine, au wanaokula kwingine. Hama. Mimi sikuzuii, mimi mwenyewe nimehama na nimekaa vizuri. Ila usiwahamishe watu ukiwa peke yako chumbani. Wakalishe, waulize kwa mdomo wako kila mmoja aliweka nini na aliweka wapi, na lile lisilo na safu lichorewe safu hata kama kitabu kizima kitachafuka. Nimemaliza mashauri, sina jingine.

Sasa ya leo.

Jana ulipokuwa umetoka nilikwenda kijiweni kwa Asimwe. Nikamwambia Jumapili saa kumi na moja alfajiri nina abiria wa kupeleka stendi Kayanga, na abiria mwenyewe anamjua. Akafuta kioo cha pikipiki kwa kitambaa, akakifuta tena, kilikuwa kisafi tangu mwanzo. Akasema, "Nitambeba, mama. Mzigo ni mzigo."

Nikataka kuondoka. Lakini nilishaondoka mara nyingi mno maishani, nikageuka. Nikamwuliza karatasi ya zamani ya Kyoma aliitupa wapi. Akainua kiti cha pikipiki. Pale chini, pamoja na spana na koti la mvua, kulikuwa na mfuko wa nailoni umekunjwa mara nne, na ndani karatasi yake, ile ya daftari la kaunta, kazi, kiapo, majeraha mawili. Kiapo kimeandikwa na kuongezwa mpaka mistari imejaa hadi ukingoni. Nikamwuliza anaiweka ya nini wakati mtu mwenyewe ameshakufa. Akasema, "Nimeiweka tu."

Kwa hiyo usiniambie ni mchezo tu. Mtu mzima haweki mchezo tu chini ya kiti na koti lake la mvua.

Leo asubuhi nimelitoa lile daftari la kaunta chini ya godoro lako, ambako ulikuwa unaliacha. Nimefungua kitabu chako kipya ukurasa wa mwisho, ule usio na kitu, nikaiandika sheria ya kahawa, kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Ukitaka kuifuta, ifute, wewe ndiye msimulizi. Ila uifute mbele yake.

Halafu nikachukua karatasi ya Kabazira. Ile ya zamani. Alikuwa na jeraha moja tu, mwanamke yule alijua kujitunza. Nimeliandika la pili na la tatu kwa mara moja, na chini yake nimeandika: Kabazira, mchuuzi wa chumvi, amekufa njia ya Mabira kwa jeraha la Kyoma, alilolibeba kwa hiari yake. Nimeweka na saini. Nimelia kidogo, usimwambie baba yako, atasema mdomo haufi.

Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Si yako. Kesho mkifika stendi mpe Asimwe kwa mkono wako, kabla hujapandisha begi. Mwambie Kyoma yu hai, na ni nani aliyelipa, na ni nani aliyemsahau. Ukikosa maneno, mpe karatasi tu na usimame hapohapo wakati anaisoma. Atasoma polepole, na dereva atapiga honi. Mwache apige. Asimwe atakuwa bado amevaa helmeti, na kioo chake ni cheusi, hutajua anafikiri nini.

Usipande. Msubiri aivue.

Mama yako